Vifaru wa Garamba wapimwe damu hapa nyumbani: barua ya wazi kutoka Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira,
Kwa wasimamizi wa Hifadhi ya Taifa ya Garamba na wenzao wa African Parks, shirika linaloiendesha pamoja na ICCN,
Kwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi,

Waheshimiwa, salamu nyingi.

Mwezi wa sita mwaka 2023 mlipokea Garamba, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, vifaru weupe 16 wa jamii ya kusini kutoka hifadhi ya Phinda, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Kabla ya hapo nchi yetu haikuwa na kifaru hata mmoja porini, kwa maana wale wa mwisho wa jamii ya kifaru mweupe wa kaskazini walionekana Garamba kwa mara ya mwisho mwaka 2006. Mmerudisha kitu ambacho wazee wetu wengi walishakikatia tamaa. Nawashukuru kwa dhati, na zaidi nawashukuru walinzi wa hifadhi, ambao baadhi yao wameuawa kazini wakilinda wanyama wa Garamba.

Habari za majangili zimezungumzwa sana na zitaendelea kuzungumzwa, kwa sababu hatari bado ipo. Mimi naomba tuzungumze juu ya tumbo na damu. Ombi langu nalisema mapema ili asiye na muda alipate: damu ya vifaru hawa ipimwe kwa utaratibu, malisho yao yapimwe pamoja nayo, kazi hiyo ifanyike ndani ya Kongo, na matokeo yawekwe wazi.

Kazi yangu ni kupima damu ya wanyama hapa Lubumbashi. Wateja wangu ni ng'ombe wa mashamba yanayozunguka mji, mbuzi, mbwa wa ulinzi, mara chache sana mnyama wa porini. Habari za kifaru nimezifuata kwa miaka kwenye maandishi ya madaktari wa wanyama, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuingiwa na wasiwasi kwamba tunaweza kuwapoteza wanyama hawa bila risasi hata moja.

Hilo limekwisha kutokea kwa jirani zetu. Mwezi wa tano mwaka 2018 vifaru weusi sita walipelekwa kutoka Afrika Kusini hadi hifadhi ya Zakouma, Chad. Kufikia mwezi wa kumi na moja wanne walikuwa wamekufa. Pembe zao zilikuwapo, hakuna aliyewagusa. Miili ilikutwa na akiba ndogo mno ya mafuta, na taarifa ya pamoja ya pande husika ikasema kwamba yaelekea walishindwa kuyazoea mazingira mapya. Walikuwa wamezungukwa na majani kila upande, na bado walikonda hadi kufa.

Mwaka huohuo, mwezi wa saba, Kenya ilihamisha vifaru weusi 11 kutoka Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki. Wakafa wote 11. Maji ya visima vya kule yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea. Mnyama mwenye kiu akinywa maji ya chumvi kiu huzidi, akizidi kunywa ndivyo chumvi inavyozidi kujaa mwilini. Uchunguzi ulitaja msongo wa safari uliochochewa na sumu ya chumvi, ukataja upungufu wa maji mwilini, njaa na vidonda vya tumbo.

Siyataji haya ili kumlaumu yeyote. Nayataja kwa sababu mambo ya namna hii huandikwa kwenye damu kabla jicho halijayaona. Sodiamu hupanda. Yurea, taka ambayo figo huitoa kwa mkojo, hupanda mwili unapokosa maji. Mnyama anapoanza kuyeyusha mafuta yake mwenyewe kwa njaa, asidi za mafuta huongezeka ndani ya damu. Misuli ikiumia, kimeng'enya kinachoitwa kreatini kinase, sisi wa maabara tunakiita CK tu, huruka juu. Kifaru mweupe dume anafika kilo 2,000 na kupita, ngozi yake ni nene, mlinzi anamtazama kwa mbali kwa darubini. Mnyama wa ukubwa huo anaweza kupoteza kilo nyingi kabla mtu hajasema "huyu amekonda".

Sehemu ya pili ya wasiwasi wangu inatoka kwa vifaru wanaofugwa Ulaya na Marekani, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu ndipo penye mafunzo makubwa.

Kifaru mweusi ni mla majani ya vichaka. Mdomo wake wa juu umechongoka kama kidole, anachuma matawi, maganda, miiba, mimea mingi michungu. Bustani za wanyama zilimlisha kwa miaka chakula kilichofanana na cha farasi: majani makavu ya lusina, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, na chakula cha kiwandani cha punje. Utumbo wa kifaru kweli unafanya kazi kama wa farasi, uchachushaji uko nyuma, kwenye utumbo mpana, hivyo mlinganisho haukuwa wa kijinga. Ila damu ilikataa. Chuma kikaanza kujaa kwenye ini na viungo vingine, mwaka hadi mwaka, na vipimo vya feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, vikawa juu kuliko vya wenzao wa porini. Kifaru wa Sumatra, naye mla majani, akapatwa na yaleyale. Kifaru mweupe na yule wa India, ambao hula nyasi kwa wingi, hawakupatwa kwa kiasi hicho. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba mimea ya vichakani ina tanini, kemikali zenye ukakasi, na vitu vingine vinavyofunga chuma, kwa hiyo utumbo wa mla majani umezoea kukinyakua kidogo kinachopatikana. Ukimwondolea tanini na kumwongezea chuma cha punje za kiwandani, utumbo unaendelea kunyakua. Leo kuna bustani zinazomfundisha kifaru kusimama kwa utulivu akiwa macho ili atolewe damu nyingi kwa makusudi, chuma kipungue.

Fosforasi nayo. Vifaru weusi wengi wa kufugwa walikutwa na fosforasi ya chini ndani ya damu, na chembe zao nyekundu, ambazo kwa asili zina nguvu haba ukilinganisha na za wanyama wengine, zilipasuka kwa wingi. Mnyama alianza kukojoa mkojo wa rangi nyeusi-nyekundu na mara nyingi hakupona. Katika miaka ya 1980 upungufu huo wa damu ulikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa wa vifaru weusi wa kufugwa. Vitamini E ilikutwa chini kuliko ya wenzao wa porini, jambo linaloeleweka kwa sababu majani yakikaushwa hupoteza vitamini hiyo.

Kifaru mweupe alikuwa na shida yake. Majike waliozaliwa bustanini walikuwa hawashiki mimba ipasavyo, wakati mama zao waliotoka porini walizaa. Watafiti wa bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, walichunguza chakula na kukuta kwamba lusina na soya zina kemikali za mimea zinazofanana na homoni ya kike, na kwamba vipokezi vya homoni vya kifaru mweupe vinaziitikia kwa nguvu kuliko vya kifaru wa India. Chakula kikabadilishwa, na baadhi ya majike waliodhaniwa tasa wakaanza kushika mimba.

Mtaniuliza: sisi wetu wako porini, ya bustanini yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, kila kifaru anayehamishwa hupitia bomani, na bomani analishwa na binadamu. Vifaru weupe wengi wakishakamatwa hugoma kula kwa siku kadhaa. Utafiti uliofanywa hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ulionyesha wazi damu yao inavyobadilika katika siku hizo za mwanzo. Mtu anayeleta marobota ya lusina kwa nia njema, na kuendelea kuyaleta kiangazi baada ya kiangazi, anatakiwa ajue yaliyogunduliwa San Diego.

Pili, wanyama waliozaliwa bustanini wanarudi Afrika. Rwanda ilipokea kwenye hifadhi yake ya Akagera vifaru weusi watano kutoka bustani za Ulaya mwaka 2019. Siku moja huenda nasi tukaletewa wa namna hiyo.

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, ile jamii ya kaskazini iliyokuwa yetu imebaki na majike wawili tu duniani, Najin na Fatu, walioko Ol Pejeta nchini Kenya. Sudan, dume wa mwisho, alikufa mwezi wa tatu mwaka 2018. Wanasayansi wanatunza viinitete vilivyotengenezwa kwa mayai ya Fatu, ili vipandikizwe kwa majike wa kusini, na mwanzoni mwa 2024 walitangaza kuwa upandikizaji wa majaribio, kwa kiinitete cha kusini, ulishika mimba. Mama yule alikufa kwa bakteria wa udongoni kabla ya kuzaa, lakini njia imeonekana inapitika. Ikiwa ndama wa kaskazini atazaliwa, na ikiwa kizazi chake kitakuja kurudi Garamba, je, tutakuwa na daftari la kumwonyesha daktari wao: hivi ndivyo damu ya kifaru mwenye afya wa Garamba inavyokuwa mwezi wa pili, hivi ndivyo inavyokuwa mwezi wa nane? Daftari hilo linaandikwa sasa au haliandikwi kabisa.

Maana Garamba si Phinda. Phinda iko karibu na Bahari ya Hindi, na ukame wake huja katikati ya mwaka. Garamba iko nyuzi nne kaskazini mwa ikweta, mpakani na Sudan Kusini, na kiangazi chake hukamata mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu. Nyasi zake hukua zikampita mtu kimo, halafu huungua, halafu huchipua. Kifaru mweupe ana mdomo mpana wa kukata nyasi fupi. Nyasi ndefu zilizokomaa zina mabua magumu na protini kidogo; anaweza kushiba na bado akakosa. Ni kweli vifaru wa kaskazini waliishi humo. Mwaka 1984 walikuwa wamebaki kama 15, wakalindwa vizuri, wakaongezeka maradufu katika miaka michache, kwa hiyo hifadhi ina uwezo wa kuwalisha. Lakini wale walizaliwa humo na kujifunza kwa mama zao wapi pa kwenda nyasi zikikomaa. Hawa wa kusini wamejifunza pahali pengine.

Na wadudu wapo. Haut-Uélé, mkoa ilipo Garamba, ni nchi ya mbung'o tangu zamani, kila familia ya kule inajua malale. Mnyama aliyekulia mahali pasipo na mbung'o akiumwa nao na kuambukizwa vimelea wanavyobeba anaweza kupungukiwa damu polepole, na njaa ikiongezeka juu yake mwili hauna cha kujitetea nacho. Kipimo cha hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, kinafanyika kwa mrija mwembamba na mashine ndogo ya kuzungusha. Ni kipimo cha bei nafuu kuliko vyote nilivyotaja.

Mama yeyote wa mitaa ya Katuba au Kenya ya hapa mjini Lubumbashi anayo kadi ya kliniki ya mtoto wake. Muuguzi haangalii kilo za leo peke yake. Anaangalia mstari: mwezi uliopita ulikuwa wapi, leo uko wapi, unapanda au umelala. Kipimo kimoja cha damu ya kifaru kilichochukuliwa siku ya safari, akiwa amelewa dawa, amejaa hofu, misuli imechoka, hakitoshi kuwa mstari. Vipimo vya kulinganisha vilivyotoka Afrika Kusini au Marekani vinasaidia, ila ni kadi ya mtoto mwingine.

Najua kumlaza kifaru si mchezo. Dawa inayotumika, etofini, kiasi chake kidogo sana kinaweza kumuua binadamu, na kifaru mwenyewe akilazwa nayo hupungukiwa oksijeni na damu yake kuingia asidi. Sitaki mtu amchome sindano mnyama kwa ajili ya takwimu peke yake. Ninachosema ni kwamba kila anapolazwa kwa sababu nyingine, kwa kuwekewa kifaa cha kumfuatilia, kukatwa pembe au kutibiwa jeraha, damu ichukuliwe kwa utaratibu uleule, kwenye mirija ileile, na iandikwe pamoja na muda, dozi na hali ya mwili wake. Kati ya nafasi hizo kuna kinyesi. Kifaru mweupe dume ana mazoea ya kurudi kunya mahali pamoja, mlinzi wa doria anaweza kuchota bila hata kumwona mwenyewe. Kinyesi kikikaushwa vizuri hakihitaji barafu, na naitrojeni iliyomo inaeleza malisho yalikuwa na protini kiasi gani. Mfuko wa karatasi, kalamu, tarehe na jina la mahali. Pamoja nacho, fungu la nyasi zilezile zilizoonekana zimekatwa na mdomo wake.

Kuhusu damu, niwaeleze kinachotokea kwenye meza yangu. Unaletewa mrija wenye kifuniko chekundu, damu ilichukuliwa jana asubuhi, ikasafiri kwenye boksi ambalo barafu yake imeyeyuka, juu ya pikipiki, barabara yenye mashimo. Ukiuzungusha, ile seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, inayotakiwa kuwa ya manjano nyepesi inatoka ya rangi ya waridi, wakati mwingine nyekundu kama maji ya beti. Chembe zimepasuka njiani. Vilivyokuwa ndani yake vimemwagika: potasiamu, fosforasi, chuma. Mashine haijui hayo, itakupa namba safi kabisa, na namba hiyo itasema mnyama ana fosforasi ya kutosha wakati huenda hana. Kwa kifaru, ambaye fosforasi na chuma ndivyo tunavyovitafuta, mrija kama huo ni hasara tupu.

Ndiyo sababu Garamba inahitaji kuzungusha damu palepale, ndani ya saa chache, seramu itenganishwe na kugandishwa. Mashine ya kuzungusha, friza yenye nguvu ya jua, fundi mmoja aliyefundishwa vizuri na wa pili wa kumpokea. Hematokriti na uchunguzi wa darubini vimalizike hukohuko. Seramu iliyogandishwa na kinyesi kilichokaushwa vije kwa ndege.

Vije wapi? Hapa naomba Mkuu wa Chuo anisikilize. Lubumbashi ina fakulte ya tiba ya wanyama. Ina wanafunzi wanaohitimu bila kuwahi kushika sampuli ya mnyama wa porini. Ina wakemia waliolelewa na mji wa shaba, wanaopima madini kwenye mawe, maji na udongo tangu asubuhi hadi jioni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu chetu pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya kobalti na metali nyingine kwenye mkojo wa wakazi wa Katanga, na dunia ikavisoma. Watu waliofanya kazi ya namna hiyo hawawezi kushindwa kupima chuma, shaba, zinki na fosforasi kwenye nyasi za Garamba. Vipimo vichache vigumu, kama vile feritini, ambavyo huhitaji vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vilivyotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo ya mnyama, vinaweza kwenda nje kwa kibali. Vilivyobaki vibaki.

Nimeshuhudia sampuli za wanyama wa nchi hii zikipelekwa ng'ambo, na majibu yakarudi kwa barua fupi au yasirudi kabisa. Mwaka unapita, mwanafunzi aliyezichota hajui alichokichota. Sitaki vifaru wa Garamba wawe hivyo.

Najua jibu ambalo wengi watanipa, na ni la haki. Hospitali zetu zinakosa vitendanishi, mama anaambiwa anunue glavu mwenyewe, nawe unaomba mashine kwa ajili ya kifaru? Naomba mnielewe. Mashine ya kupima yurea ya kifaru inapima yurea ya ng'ombe na mbuzi wa Faradje na Dungu, jirani na hifadhi. Fundi anayejua kutafuta vimelea vya mbung'o kwenye damu ya kifaru atavitafuta kwenye ng'ombe wa mwananchi, na wafugaji wanaoizunguka hifadhi wana haki ya kufaidika nayo. Liwekeni sharti hilo kwenye mkataba: siku fulani za wiki labo ya hifadhi ipokee damu ya mifugo ya vijiji bila malipo. Fedha zilizopatikana kwa ajili ya kuwasafirisha wanyama hawa kwa ndege zilikuwa nyingi. Friza na mashine ya kuzungusha havifikii sehemu ndogo ya safari ile.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninayoomba yafanyike kabla ya kiangazi kijacho ni haya. ICCN na wenzao wa Garamba watoe hadharani vipimo vyote vya damu vilivyochukuliwa tangu mwaka 2023, kwa namba za wanyama bila kutaja mahali walipo, ili majangili wasipate cha kufuata. Walinzi wa doria wapewe mifuko ya kukusanyia kinyesi na nyasi, kila mwezi, na malipo ya ziada kwa kazi hiyo ya ziada. Chuo Kikuu kiteue mwalimu wa kuisimamia na wanafunzi wa kuifanya, na kitie saini na ICCN makubaliano yanayosema wazi sampuli ni za nani na majibu yanatoka lini. Na kabla kifaru mwingine hajapandishwa ndege kuja Kongo, maji atakayokunywa yapimwe chumvi, nyasi atakazokula zipimwe protini na madini kwa mwaka mzima, na karatasi ya majibu hayo iwe mezani kwa Mheshimiwa Waziri siku anapoombwa kutia saini kibali.

Kama kuna sehemu ya kazi hii inayoweza kufanywa na mikono yangu, niko tayari, na ninawajua wengine hapa mjini walio tayari.

Wenu katika kazi,
Mpimaji wa damu ya wanyama
Lubumbashi